Farasi Sita Mlimani Grove Hill: Mhadhara juu ya Injini Ndogo ya Petroli



Nianzie hapa hapa Harrow. Ukishuka kituo cha Harrow-on-the-Hill ukashika njia ya kupanda kwenda kwenye ile shule kongwe ya juu, utakutana na barabara ya Grove Hill. Ni mteremko mkali. Wengi wetu tunaupita kila wiki bila kusoma kibao kilichowekwa hapo mwaka 1969. Kibao kinamtaka mpita njia awe na hadhari, kwa kuwa hapo ndipo, tarehe 25 Februari 1899, ilipotokea ajali ya gari iliyo ya kwanza kuandikwa katika kumbukumbu za Uingereza kwamba ilimuua dereva mwenyewe.

Dereva aliitwa Edwin Sewell, kijana wa miaka 31. Alikuwa akiendesha gari la Daimler lenye injini ya nguvu za farasi sita. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo Meja James Richer, mzee wa miaka 63, mkuu wa idara katika duka kubwa la Army & Navy. Richer alikuja kulijaribu gari kwa niaba ya duka lake, lililokuwa likifikiria kununua. Walipokuwa wakiteremka, Sewell alifunga breki kwa nguvu. Gurudumu la nyuma halikuhimili. Lilivunjika, gari likapoteza mwelekeo, watu wakarushwa nje. Sewell alikufa pale pale. Meja Richer alifariki hospitalini siku chache baadaye bila kurudiwa na fahamu.

Tazameni hizo nguvu za farasi sita. Ni takriban kilowati nne na nusu. Mwaka 1899 zilitosha kusukuma gari zima na watu wake. Leo injini ya kiasi hicho ina uzito usiofika kilo 20, mtu mmoja anaibeba, na inauzwa dukani bila muuzaji kukuuliza kama umewahi kushika spana. Ndiyo inayozungusha jenereta ya nyumbani, pampu ya kumwagilia shamba, mashine ya kukatia majani. Tena angalieni kilichowaua watu wale. Injini ya Daimler ilikuwa nzima na inafanya kazi yake. Kilichoshindwa ni gurudumu lililokuwa likibeba nguvu zake.

Hayo ndiyo ninayotaka kuyasema jioni hii, na mengine yote nitakayoyagusa yanayazunguka hayo. Injini ndogo ya petroli ikiharibika, mara nyingi hasara yake ni ya pesa tu: hukataa kuwaka, unamwita fundi, basi. Inapoua, huwa inaunguruma vizuri kabisa. Huua kwa moshi inaoutoa, kwa mafuta inayoyanywa, kwa kisu inachokizungusha, kwa umeme inaouzalisha. Watu wetu wanajua kuwasha. Anayejua kuwasha hudhani anaijua mashine, na sisi tunaomsikia jirani akisema hivyo tunanyamaza.

Nieleze kwa ufupi kinachotokea ndani, kwa sababu bila hilo maonyo yangu yatakuwa amri tupu. Mjerumani Nikolaus Otto ndiye aliyeifanikisha injini ya mapigo manne mwaka 1876, na Gottlieb Daimler, aliyewahi kufanya kazi kiwandani kwake, ndiye aliyeifanya ndogo na ya kasi. Pistoni inashuka ikivuta hewa iliyochanganyika na petroli, inapanda ikiibana, plagi inatoa cheche na mchanganyiko unalipuka ukiisukuma chini, kisha inapanda tena ikitoa moshi. Jenereta ya umeme wa kwetu huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Maana yake ni milipuko 25 kila sekunde, ndani ya chombo unachoweza kukifunika kwa kapu la sokoni.

Sasa moshi. Hapa nitakaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa familia nzima.

Petroli ikiungua sawasawa hutoa maji na kaboni dayoksidi. Lakini katika injini ndogo haiungui sawasawa. Kabureta imetengenezwa imimine mafuta kidogo zaidi ya kiasi ili injini iwake upesi na isipate joto kupita kiasi, na bombani hakuna kile chombo cha kusafisha moshi kilichomo kwenye magari ya kisasa. Matokeo yake ni kaboni monoksidi nyingi mno. Jenereta moja ndogo inaweza kutoa gesi hii nyingi kuliko mamia ya magari mapya. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Harufu unayoisikia ya moshi ni ya vitu vingine, na inaweza kupungua huku sumu imejaa chumbani.

Ikiingia mapafuni hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, na damu haibebi kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu wa viungo. Mwana wa pwani akihisi hivyo atasema ni malaria. Hapa London atasema ni mafua. Anajilaza kidogo. Kulala ndiko kunakomaliza kazi. Dalili ya kuitambua ni moja: watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Ukiliona hilo, toeni watu wote nje kwanza, mjadala baadaye, na waliougua wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepona.

Walio hapa kutoka Unguja wanaikumbuka Desemba 2009. Njia ya umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mwaka 2008 pia kiliwahi kukosa umeme kwa karibu mwezi mzima. Wakati ule jenereta ilikuwa ndiyo friji ya samaki, ndiyo pampu ya maji, ndiyo taa ya mtoto anayesoma. Sasa fikirini Mji Mkongwe. Vichochoro ambavyo mkokoteni ukiingia mtu hukaa pembeni, nyumba zimegusana kuta, madirisha yanatazamana. Jenereta unaiweka wapi? Ukiiweka barazani, moshi unaingia kwa jirani. Ukiiweka uani, ua umezungukwa na vyumba vya kulala pande zote. Chini ya ngazi, ngazi yenyewe inaupandisha moshi ghorofa ya juu kama dohani. Na mwenye mali anaogopa kuiacha nje usiku, kwa sababu jenereta iliyolala nje haina uhakika wa kukutwa asubuhi.

Sitaki mtu aniambie kuwa watu hao ni wajinga. Wanaogopa mwizi wanayemjua kuliko gesi wasiyoiona, na hofu hiyo ina mantiki yake. Jibu ni kuwapa njia: mnyororo mnene na kufuli lililofungwa kwenye chuma kilichojengewa ukutani, nje, na waya mrefu wa umeme wa kutosha. Umbali unaoshauriwa ni mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote, bomba la moshi likielekezwa kusiko na nyumba, ya kwako wala ya jirani. Kufungua madirisha hakutoshi. Kuweka feni hakutoshi. Gereji iliyoachwa wazi mlango haitoshi. Na penye vichochoro ambapo mita 6 hazipatikani, basi majirani wakae pamoja wakubaliane jenereta moja iwekwe juu ya paa la wazi au penye uwanja, ihudumie nyumba kadhaa kwa zamu, na wakati wa kulala izimwe. Joto la usiku mmoja linavumilika.

Kwa hapa Harrow jenereta si tatizo kubwa, umeme upo. Lakini nimewaona vijana wetu wakiifanyia matengenezo mashine ya kukatia majani ndani ya banda la bustani mlango umefungwa, kwa sababu nje kuna mvua. Injini ni ile ile na gesi ni ile ile.

Tuje kwenye petroli yenyewe. Kwetu tumelelewa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanahitaji yapate joto la karibu digrii 40 ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Ndiyo maana bibi zetu waliweza kuyamimina karibu na jiko na wakaishi. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata ikiwa na baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Usiku wa baridi kali kabisa hapa London, kidumu kilicho wazi kinatoa mvuke unaongoja cheche. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi ukapotea, unashuka, unatambaa sakafuni, unaufuata mteremko hadi kwenye jiko la chumba cha pili, kisha moto unarudi kwa njia ile ile kumfuata aliyeshika kidumu.

Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota. Mlipuko uliofuata uliua watu zaidi ya 100. Miaka kumi kabla yake, Januari 2009, Sachangwan nchini Kenya, yalitokea yale yale, na huko pia waliokufa walipita 100. Tukizisoma habari hizi tunazungumzia umaskini, na ni haki kuuzungumzia. Lakini ndani yake limo pia hili: wengi waliokuwa pale waliyatazama mafuta yaliyokuwa ardhini. Mvuke ulikuwa umewafika magotini na hawakuuona.

Kwa hiyo injini ikiishiwa mafuta, izimeni na muisubiri ipoe, robo saa angalau. Petroli inayomwagikia chuma chenye joto la digrii 250 na zaidi inaweza kuwaka bila cheche yoyote, na bomba la moshi la injini iliyokuwa kazini linaweza kufika joto hilo. Msijaze gizani kwa mwanga wa mshumaa au kibatari. Msijaze hadi mdomoni. Acheni nafasi, petroli hutanuka. Mkienda kituo cha mafuta, kidumu kiwekeni chini kwenye sakafu wakati wa kujaza, msikijazie ndani ya buti la gari, kwa sababu umeme tuli unaojikusanya unahitaji njia ya kwenda ardhini.

Sheria ya hapa, kwa kanuni za mwaka 2014, inakuruhusu kuweka nyumbani hadi lita 30 bila kumwarifu mtu, katika vidumu vilivyotengenezwa kwa petroli: vya plastiki visizidi lita 10 kimoja, vya chuma visizidi 20. Ukizidisha lita 30, kwa sisi wa London unapaswa kuwaarifu Zimamoto. Chupa ya maji ya kunywa haimo katika sheria hiyo, wala haipaswi kuwamo katika nyumba yenye mtoto.

Kuna jambo jingine la petroli ya hapa. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza inaitwa E10, kwa kuwa ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewani. Mashine ikilala bandani kwenye bustani, kuanzia Oktoba hadi Machi ikiwa na mafuta hayo tumboni, maji hujitenga chini, kabureta inaota kutu na gundi, mipira ya zamani inalainika. Ndiyo sababu kila majira ya kuchipua nasikia kilio kile kile: ilikuwa inawaka vizuri mwaka jana! Kabla ya kuihifadhi, toeni mafuta tangini, kisha iwasheni mpaka ijizimie yenyewe. Au nunueni ile petroli ya bei ya juu yenye ethanoli hadi asilimia 5 tu. Dakika kumi za mwezi wa kumi ndizo zinazookoa kabureta.

Umeme nitaupitia kwa haraka, ingawa ni jambo zito. Kuna waya ambao mafundi wa mitaani huutengeneza, una plagi ya kiume pande zote mbili. Upande mmoja unachomekwa kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka taa. Transfoma ya mtaani haijui mbele na nyuma. Umeme mdogo wa jenereta ukirudi kupitia humo unapandishwa hadi volti 11,000 na zaidi, na juu ya nguzo yupo kijana wa shirika la umeme anayeamini njia imezimwa. Jenereta ya nyumba ifungwe na fundi mwenye leseni, kwa swichi ya chenjiova inayotenganisha kabisa njia mbili hizo. Asiye na uwezo wa chenjiova achomeke vyombo vyake moja kwa moja kwenye jenereta. Waya ule wa plagi mbili ukatwe, hauna matumizi halali.

Kisu pia nitakitaja. Mashine za kukatia majani zina mkono wa kushikilia. Ukiuachia, kisu kinapaswa kusimama ndani ya sekunde chache. Naona watu wanaufunga kwa kamba ili wasichoke mkono. Kamba hiyo imewaondolea watu vidole vya miguu. Na kabla hujaingiza mkono chini kutoa majani yaliyokwama, chomoa waya wa plagi na uuweke mbali nayo. Kuzima peke yake hakutoshi, kwa sababu ukikizungusha kisu kwa mkono unaizungusha na injini, na injini yenye petroli silindani inaweza kupiga mara moja. Mara moja inatosha.

Sasa utunzaji. Niwaonyeshe kwa injini hii niliyokuja nayo mezani, haina mafuta.

Iwekeni kwanza mahali sawa. Injini nyingi za aina hii hazina pampu ya oili. Chini ya pistoni pana kijiko kidogo cha chuma kinachochota oili na kuirusha juu ya vyuma vinavyosuguana. Ukiiweka kwenye mteremko, oili inakimbilia upande mmoja na kijiko kinachota hewa. Injini imezimwa, fungueni kifuniko hiki, futeni kijiti cha kupimia, kichovyeni bila kukikaza, kichomoeni. Oili iguse alama ya juu. Injini kama hii huchukua takriban lita 0.6 tu. Upungufu wa kikombe kimoja cha kahawa ni sehemu kubwa ya oili yote iliyomo, na hapo ndipo injini nyingi zinapofia. Oili ya kwanza ya injini mpya imwagwe baada ya saa 20, kwa sababu imebeba unga wa chuma wa vyuma vinavyozoeana. Baada ya hapo, kila saa 100 au miezi sita. Ya zamani msiimwage mferejini. Manispaa ina kituo chake cha taka pale Forward Drive, waulizeni kabla ya kwenda.

Filta ya hewa ni hii. Ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, ikakauka kabisa, ikatiwa oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi haioshwi, hugongwa taratibu vumbi litoke, ikichoka hubadilishwa. Kwa Harrow itadumu. Kwa Dodoma au Garissa, vumbi lile ni mchanga, na mchanga ukipita hapa unakwangua silinda. Huko iangaliwe kila siku ya kazi. Filta iliyoziba huinyima injini hewa, mafuta yanazidi, na ile sumu niliyoisema inaongezeka. Lakini asije mtu akasema yake ina filta mpya kwa hiyo anaweza kuiwasha ukumbini. Injini iliyotunzwa vizuri kuliko zote hapa London bado inaweza kuua watu wote wa chumba kimoja.

Plagi ndiyo inayosema ukweli. Ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, injini ina afya. Nyeusi yenye masizi makavu, hewa haitoshi. Imelowa oili, pete za pistoni zimechoka, au umejaza oili kupita kiasi. Nyeupe, inapata joto mno. Nafasi ya cheche kwa injini nyingi kama hii ni milimita 0.7 hadi 0.8. Na wale wenye vijenereta na misumeno ya mapigo mawili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli, fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye mashine yenyewe. Kikiwa 50 kwa 1, lita tano za petroli zinataka mililita 100 za oili. Kukisia kwa macho kumeua injini nyingi.

Nimalizie na ombi, hasa kwenu mnaofunga mizigo ya kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Jenereta iliyowahi kutumika imwagwe petroli yote kabla ya kuingia kontena, na kampuni ya meli iambiwe ukweli kuwa imo. Kwenye sanduku hilo hilo tieni waya mrefu mnene wa kutumika nje, mnyororo na kufuli, na king'ora cha kaboni monoksidi cha betri, kinachopatikana hapa kwa chini ya pauni 30. Hakikisheni kina alama ya EN 50291. Kitabu cha maelekezo kitakachokuja nayo hakina Kiswahili, kwa hiyo andikeni wenyewe kwenye karatasi na muibandike juu ya tangi: iwashwe nje, mbali na dirisha la kila mtu, isijazwe ikiwa ya moto, isichomekwe ukutani, king'ora kikae chumba cha kulala. Mzigo ukifika, pigeni simu muongee na yule hasa atakayeivuta kamba, awe kaka, shangazi au mlinzi, na muongee naye kabla hajaiwasha mara ya kwanza.